Riziki Mkononi mwa Jirani

Sisi wa Pongwe tunaijua Tanga mjini kwa shida zetu. Tunakwenda huko mtoto anapougua usiku, shauri linapoitwa mahakamani, pensheni inapochelewa, au mazao yanapotafuta mnunuzi. Si mbali. Ni mwendo wa kilometa kama 15, na Hiace hazikosekani barabarani. Hata hivyo, mtu akiaga nyumbani kwamba anakwenda mjini, huulizwa, "Kuna nini?" Hakuna anayedhani kwamba anakwenda kutembea tu. Kutembea na kutazama majengo tumewaachia wageni wenye kamera. Ule msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo, unatufaa sisi kuliko wao: shida ikiisha, tunapanda gari tunarudi.

Makala haya yanaeleza Jumamosi moja ambayo jumuiya yetu ilikwenda mjini bila shida. Tulikwenda kutazama na kula. Tunaandika kwa sababu siku hiyo ilitufundisha jambo juu ya sala tunayoisali kila siku, na kwa sababu mwenzetu mmoja, ambaye habari zake zimo humu, ametuomba tuandike. Jina lake tumeliacha, kama alivyotaka.

Jambo lilianzia kwenye masomo ya jioni. Mwinjilisti wetu alikuwa akitufundisha Sala ya Bwana ombi kwa ombi, na tulipofika kwenye ombi la riziki tulikaa hapo majuma matatu. Ndugu zetu Wakatoliki mahali hapo husema mkate. Sisi, kwa kufuata Biblia tunayoisoma, tunasema riziki. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, na majirani zetu Waislamu wanalo mdomoni kutwa. Muuza samaki akikosa wateja husema leo riziki haikuwapo. Akiuza kapu lote husema riziki hutoka kwa Mungu. Basi tunapomwomba Baba wa mbinguni, tunamwomba kwa neno tunalolitumia pamoja na mtaa mzima.

Kisha mwinjilisti akatufungulia Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, ambayo wengi wetu tuliikariri wakati wa kipaimara. Luther anapoeleza ombi hilo haishii kwenye chakula. Anataja mavazi, nyumba, shamba, mifugo, mwenzi mwema, watoto wema, watawala wema, hali nzuri ya hewa, amani na afya. Mwishoni kabisa mwa orodha anaweka marafiki wema na majirani waaminifu. Tulikuwa tumelikariri hilo miaka mingi. Safari hii bibi mmoja wa jumuiya alisimama juu yake. "Kama jirani naye ni riziki," akasema, "mbona kumpa tunajua, kupokea kwake hatujui?"

Lilikuwa swali gumu. Kanisani tunafundishwa kutoa, na ni sawa. Tuna sadaka, ahadi, mavuno na michango ya misiba. Mgeni akija tunachinja kuku. Lakini Bwana Yesu mwenyewe alikuwa mgeni kwenye meza za watu. Alijikaribisha kwa Zakayo. Alimwomba maji mwanamke Msamaria. Alipowatuma wale sabini, kama tunavyosoma katika Luka sura ya 10, aliwakataza kubeba mfuko na mkoba, akawaagiza wale chochote watakachoandaliwa na wenyeji wao. Hakuwatuma wakiwa wameshiba. Aliwatuma ili walishwe na watu ambao bado hawakuwajua.

Hapo ndipo wazo la safari lilipozaliwa. Jumuiya iende mjini siku moja, itazame mji, ile wanachokula wenyeji, na jioni imshukuru Mungu. Mzee wetu wa kanisa alipinga kwanza. Jengo la watoto wa Shule ya Jumapili linasubiri bati, alisema, nasi twende kula starehe? Neno lake lilikuwa na uzito, nalo lilijibiwa kwa vitendo: kila mtu alitoa shilingi 12,000 kutoka mfukoni mwake, waliokosa walichangiwa na wenzao kimya kimya, na fedha ya bati haikuguswa. Mzee akaridhika, akaomba yeye ndiye atunze fedha za safari.

Pingamizi la pili lilitoka kwa vijana wawili. Chakula kingi cha mjini kimepikwa na watu wa imani nyingine. Je, ni halali kwa Mkristo kwenda kukila kwa makusudi? Wazee walicheka kidogo, kisha wakaeleza. Kwa desturi ya huku kwetu, Mkristo akiwa na harusi humwita jirani Mwislamu amchinjie, ili aliyealikwa asikae pembeni na sahani tupu. Hatujawahi kuona kwamba imani yetu imepungua kwa sababu hiyo. Mtume Paulo, katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 10, anamwambia Mkristo aliyealikwa na asiyeamini ale anachowekewa, bila kuhoji. Anaonya pia juu ya dhamiri ya mwenzako, kwa hiyo tuliwaambia vijana kwamba hakuna atakayelazimishwa. Wote wawili walikuja.

Ndipo mwenzetu alipoleta ombi lake.

Miaka miwili kabla ya hapo alimuuguza mumewe hospitalini kwa majuma tisa. Kitanda cha jirani alilala kijana wa Ngamiani, akiuguzwa na mama yake, mwanamke Mwislamu. Kila asubuhi mama huyo alileta sufuria ya uji kwa ajili ya mwanawe, na kila asubuhi alimmiminia mwenzetu kikombe kabla hajajimiminia yeye. Wanawake wale wawili walizoeana. Mmoja akisali kwenye kona, mwingine alishika zamu ya wagonjwa wote wawili. Katika juma la tisa kijana aliruhusiwa kurudi nyumbani. Siku tatu baadaye mume wa mwenzetu alifariki.

Tangu hapo mwenzetu hakukanyaga mtaa ule. Yule mama alimtumia salamu mara kadhaa kupitia wachuuzi wa samaki wanaokuja Pongwe. Alizipokea, hakuzirudisha. Alitueleza sababu bila kuificha: "Tuliomba wawili. Wake akapewa, wangu akachukuliwa. Nikimwona yule kijana nitamuuliza Mungu neno ambalo sitaki kumuuliza." Sasa aliomba jambo moja. Kama jumuiya inakwenda mjini, basi apelekwe kwa mama yule, maana peke yake hawezi. Tulimpelekea mama ujumbe. Jibu lilikuja siku ileile: mje wote, chakula cha mchana ni kwangu.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu ishirini na wawili ndani ya Hiace moja na nusu, maana ya pili tuliipanda pamoja na abiria wengine. Tulianzia Ngamiani, ambako barabara zimenyooka na kupewa namba, kiasi kwamba mgeni akiijua hesabu hapotei. Tulikaa kwenye mabenchi tukala mbaazi za nazi na maandazi, na vitumbua vilivyotoka chuma wakati huohuo. Pongwe tunapika mbaazi, lakini hizi zilikuwa nzito na tamu kwa tui, na mpishi aliposifiwa alisema tui la kwanza huingia mwisho, moto ukiwa mdogo. Kina mama wetu walilishika hilo.

Tukiwa pale mwinjilisti alituonyesha jambo ambalo macho yetu hupita juu yake. Mtaa ule umejaa vyakula vya watu waliotoka mbali. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge katika nchi hii. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kutoka kwenye miche hiyo kikazaliwa kilimo kilichowavuta watu wa makabila mengi kuja kufanya kazi Tanga. Mwaka huohuo wa 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, ikapita kwetu Pongwe, ikafika Muheza mwaka 1896, na Moshi mwaka 1911. Wahindi walikuja na bajia na kachori. Waarabu walikuja na halua. Wabondei na Wadigo walikuwapo na mihogo yao na bada. Hakuna sinia la Tanga lililopikwa na kabila moja.

Kutoka hapo tulikwenda stesheni, kisha Boma la zamani la Wajerumani, ambalo sasa lina makumbusho ya Urithi. Wengi wetu tuliingia humo kwa mara ya kwanza. Tulisimama pia juu ya bandari tukaitazama bahari na kisiwa cha Toten. Bahari hii ndiyo iliyowaleta wamishonari wa Kilutheri kutoka Ujerumani mwaka 1890. Mwaka uliofuata wenzao walipanda milima ya Usambara hadi Mlalo. Bahari hiyohiyo, mwezi wa Novemba 1914, ilileta meli za Waingereza zenye askari wengi kutoka India. Walishuka upande wa Raskazone, wakapigana na jeshi la Wajerumani la Paul von Lettow-Vorbeck, wakashindwa na kurudi melini. Watu husimulia hadi leo jinsi nyuki walivyovurugwa na risasi wakawashambulia askari.

Tuliongea sana juu ya hayo tukiwa tumekaa kivulini. Mlango wa bahari ni mmoja, lakini si kila anayeingia ni mgeni. Mwenye bunduki huingia na kuchukua. Mgeni hungoja akaribishwe. Injili ilifika pwani hii wakati wa dola la Wajerumani, na kuna mambo ya wakati ule yasiyopendeza kuyakumbuka. Lakini mtu aliyeshuka ufukweni na sanduku la vitabu hakuwa na kisima wala shamba. Ilibidi mtu wa hapa ampe maji, amwoneshe njia, amfundishe lugha neno kwa neno. Mkono wa mwenyeji uliomlisha yule mgeni ni sehemu ya habari ya kanisa letu, ingawa jina la mwenye mkono huo halikuandikwa mahali.

Njia yetu ilipita Bombo, pale hospitali ilipo juu ya bahari. Gari lilinyamaza. Karibu kila mmoja wetu ana mtu aliyelala katika wodi zile. Wengine walitoka, wengine hawakutoka. Mwenzetu alitazama dirishani mpaka majengo yalipoisha. Mama aliyekaa naye alimshika mkono, hakusema neno.

Soko la samaki la Deep Sea lilituchangamsha tena. Vijana walijifunza kumjua samaki wa leo kwa jicho lake na mashavu yake. Mzee wa kanisa, mtunza fedha wetu, alikunywa supu ya pweza, akaagiza kikombe cha pili kwa fedha yake mwenyewe. Tulinunua changu wawili wakubwa ili tusifike mikono mitupu, na saa saba tukarudi Ngamiani.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Vijana walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatukaribisha mmoja mmoja. Mwenzetu alikuwa wa mwisho. Wale wanawake wawili walitazamana, kisha mama akasema tu, "Mwenzangu, umechelewa, uji umepoa." Mwenzetu akacheka na kulia kwa pamoja, wakakumbatiana pale kizingitini.

Mikeka ilikuwa imetandikwa uani, wanawake upande mmoja na wanaume upande wa pili. Palikuwa na wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, na kwa ajili ya wazee ugali wa bada na kachumbari yenye ndimu nyingi. Kabla ya kula, kijana wa nyumba alikuja na birika na beseni kutunawisha mikono. Ndiye yule wa kitanda cha jirani. Amenenepa kidogo, ana biashara ya kushona nguo, na mkono wake haukutetemeka alipomimina maji.

Alipomfikia mwenzetu, sote tuliona. Kijana alipiga magoti akasema, "Shikamoo, mama." Mwenzetu hakuitikia mara moja. Maji yalikuwa yakimwagika juu ya vidole vyake naye akimtazama usoni. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu. Umepona kweli?" Kijana akasema, "Nimepona, mama. Mzee alikuwa akinisimulia hadithi usiku nilipokosa usingizi." Habari hiyo mwenzetu hakuwa nayo. Katika majuma ya mwisho ya maisha yake, mumewe alikuwa akimtuliza mtoto wa jirani. Aliomba asimuliwe hadithi moja, na kijana akaisimulia, sahani zikingoja.

Mwenyeji wetu alisema bismillahi. Mwinjilisti aliomba baraka kwa jina la Yesu. Hakuna aliyemficha mwenzake imani yake, na hakuna aliyemtaka mwenzake aipunguze. Tukala.

Baada ya chakula, mwenzetu alimuuliza mwenyeji kwa nini alikuwa akimmiminia yeye kwanza. Mama alishangaa swali. "Uji nilimpikia mwanangu," akasema, "ila sufuria ilikuwa kubwa. Wewe hukuwa na mtu wa kukuletea kutoka Pongwe asubuhi. Riziki yako ilipitia kwangu, ningeizuiaje?"

Tumelitafakari jibu hilo kuliko mahubiri mengi. Hatutaki kulitumia vibaya. Halijibu kwa nini mmoja alipona na mwingine akafa. Mwenzetu anasema swali hilo bado analo, na sasa humuuliza Mungu waziwazi, kama watunga zaburi walivyomuuliza. Anajua kuwa hakuna sala iliyomshinda mwenziwe wala iliyoshindwa na ya mwenziwe. Mizani ya namna hiyo haipo. Lakini kuna kitu kimoja alichokuwa amekifungia pamoja na uchungu wake, nacho ni kwamba katika yale majuma tisa hakulala njaa hata siku moja. Kila asubuhi aliomba riziki, na kila asubuhi ilikuja ndani ya kikombe cha plastiki kutoka mkono wa jirani. Ombi lile lilijibiwa mara sitini na zaidi. Hakuweza kumshukuru Mungu kwa hilo mpaka alipokaa tena kwenye mkeka wa yule mama akapokea sahani.

Tunaona sasa kwa nini kupokea ni sehemu ya imani. Anayetoa tu anaweza kujidhania kuwa yeye ndiye chemchemi. Anayepokea analazimika kukiri kwamba kuna mwingine juu yake, na kwamba Huyo hutumia mikono anayoitaka, ikiwa pamoja na mikono ambayo haisali kama sisi. Eliya alilishwa na kunguru, kisha na mjane wa Sarepta, mwanamke wa taifa jingine aliyekuwa na konzi moja ya unga. Mungu angeweza kumpa nabii wake ghala. Alimpa jirani.

Alasiri tulikunywa kahawa chungu kwa kashata, muuzaji akimimina kutoka kwenye dele huku makaa yakiwa bado hai chini yake, tukarudi Pongwe kabla ya giza. Katika ibada ya jioni hatukuwa na maneno mengi. Kila mmoja alitaja chakula kimoja alichokula siku hiyo na mkono uliompa, na baada ya kila jina tulisema, "Tunashukuru, Bwana." Vijana wetu wawili walitaja wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Bati za Shule ya Jumapili zilipatikana kwa harambee miezi minne baadaye. Mwenyeji wetu wa Ngamiani alisikia, akatuma mchango wake kupitia mchuuzi wa samaki. Mzee wa kanisa aliuandika kwenye daftari pamoja na mingine. Mwenzetu hupeleka mihogo mjini kila shamba lake linapotoa, na akiaga nyumbani sasa wajukuu hawamuulizi kuna nini.

Jumuiya nyingine zikitaka kufanya hivi, hatuna kanuni ya kuwapa. Msiende mbali, wala msitumie fedha ya madhabahu. Tafuteni mahali ambapo mmoja wenu aliwahi kulishwa akiwa katika shida, mwende naye, mkae mlishwe tena. Kisha usiku, katika Sala ya Bwana, mkifika kwenye neno riziki, nyamazeni kidogo ili kila mtu amtaje mwenye mkono huo mbele za Mungu.